Mashine Ninazo London, Nasaba Iko Wete

Juzi nilimpigia shangazi yangu wa Wete, Pemba, kumjulia hali. Tukapita kwenye bei ya karafuu, mvua, nani kaoa na nani kaachwa, mpaka tukafika kwa marehemu mwanawe, binamu yangu aliyeanguka mkarafuuni wakati mimi niko skuli ya sekondari. "Mkarafuu umemtupa," ndivyo tulivyosema sote siku ile. Safari hii shangazi akaongeza neno ambalo sikuwahi kulisikia: tawi halikukatika. Lilikuwa pale pale, zima, na pakacha lake limening'inia.

Mimi ni daktari wa moyo, na kazi yangu London ni kutafuta maradhi ya moyo yanayorithiwa. Usiku ule sikulala.



Ugonjwa ninaoushughulikia zaidi ni ule wa msuli wa moyo kunenepa pasi na presha wala sababu nyengine ya nje. Unakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kwa hiyo uwiano huo ukishika na kwetu, tunakaribia watu 3,800. Wengi wao hawana hata dalili, na watazeeka salama. Kwa wachache umeme wa moyo hupotea njia, mara nyengine mwili ukiwa kwenye juhudi: mpirani, baharini, juu ya mti. Mnaomkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, huo ndio uliokutwa moyoni mwake. Jeni ya kwanza inayouleta ilijulikana mwaka 1990. Mzazi akiwa nayo yenye kasoro, kila mtoto anarushiwa shilingi: ama kairithi, ama kaikosa. Ndiyo maana akiingia mgonjwa mmoja chumbani kwangu, mimi nautaka ukoo mzima.

Na hapo ndipo London inaponichekesha. Nina mashine ya kusoma vinasaba, nina picha zinazoonesha moyo ukidunda kana kwamba umeushika mkononi. Namuuliza mgonjwa, "Baba yako ana ndugu wangapi?" Anatazama dari. Mwengine hajaonana na kaka yake tangu siku ya mazishi ya mama yao. Wiki zinapita, barua na simu, mpaka nipate matawi mawili ya ukoo. Shangazi yangu hakumaliza hata darasa la nne, lakini kanitajia kwa pumzi moja watoto tisa wa babu, wake zao, nani kaolewa Micheweni, nani kahamia Mombasa na huko kazaa na nani. Sisi watu wa visiwani nasaba tunaijua kama njia ya kisimani. Hata magomvi yetu ya mashamba yanasimama juu yake.

Lakini msifurahi mapema, yakhe. Huyo Mwingereza asiyemjua binamu yake anaweza kuitafuta rekodi ya kifo cha babu wa babu yake, kwa sababu England vifo vinaandikishwa serikalini tangu 1837. Kijana akifa ghafla, mwili unachunguzwa, pengine moyo unapelekwa kwa mtaalamu, kisha ndugu wanaitwa mmoja mmoja kupimwa. Mimi nilimuuliza shangazi watu wetu wamekufa kwa nini. Babu? "Alianguka msikitini." Ami? "Alilala hakuamka." Mwengine alizama Kojani, naye alikuwa akiogelea kama samaki. Mwengine alikuwa na mke mzuri na duka, kwa hivyo kijicho cha watu. Nikaandika yote. Ukoo wa vizazi vinne, mweupe kama kiganja, na kwenye safu ya sababu ya kifo hakuna hata neno moja la kumsaidia daktari.

Sisemi tuanze kupasua maiti. Wetu tunawazika upesi, na mimi mwenyewe nataka nizikwe hivyo hivyo. Ninachokisema ni kuwa hitma ikisha, waliobaki hai wapimwe. Kipimo cha umeme wa moyo ni dakika chache na kipande cha karatasi, na wengi wenye ugonjwa huu huonekana na hitilafu humo. Atakayeonekana, Dar ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015. Na pale Wawi, Maabara ya Ivo de Carneri ipo tangu 2000 ikiandama kichocho na minyoo. Watu wa kuingia vijijini na daftari tunao tayari.

Kinachonikera kuliko ukosefu wa vifaa ni posa. Msichana akizimia mara mbili anafichwa, asije akaitwa wa ukoo wa wagonjwa. Anaolewa, anazaa, na shilingi inarushwa tena gizani. Uingereza watu wanaogopa kupimwa kwa ajili ya bima. Huko serikali na makampuni wana mkataba wa 2018 unaozuia bima kumlazimisha mtu apime vinasaba. Hofu ya posa nani ataiandikia mkataba?

Najua wapo watakaosema nyinyi mlioko nje kazi yenu maneno. Kweli. Mfano unaoniuma ni Bongani Mayosi wa Afrika Kusini. Alisoma Oxford, akarudi Cape Town, na familia moja ya kwao ikafuatiliwa kwa takriban miaka 20, mpaka 2017 yeye na wenzake wakaitangaza CDH2 kuwa ni jeni inayoleta aina moja ya ugonjwa wa msuli wa moyo. Akafariki mwaka uliofuata. Mimi nina miaka 14 huku, na familia ninayoijua moyo wake kuliko zote ni ya watu wa Kent.

Tena kurudi si hisani. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionesha kwamba baadhi ya Wamarekani weusi waliambiwa wana kasoro ya jeni inayoleta ugonjwa huu huu, kumbe yale mabadiliko ya jeni ni ya kawaida tu kwa wenye asili ya Afrika. Waliolinganishwa nao mwanzo walikuwa Wazungu watupu, au karibu na hivyo. Hata leo nikipeleka damu ya mtu wa kwetu isomwe vinasaba, jibu la "maana yake haijulikani" hurudi mara nyingi kuliko kwa jirani yangu Mzungu. Kompyuta haimjui shangazi.

Shangazi kabakiwa na watoto wawili wa kiume. Nimemuomba wapimwe kabla ya msimu, na mpaka majibu yatoke wasipande mikarafuu. Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, kwa upole tu:

"Sasa mwanangu, karafuu atachuma nani?"