Waliochapisha Haydn bila ruhusa: wezi au wapiga debe?

Mwaka 1777 mchapishaji Bailleux wa Paris aliingiza sokoni kwateti sita za fidla mbili, viola na selo, akiandika juu yake jina la mtunzi wa Austria, Joseph Haydn. Moja ilipendwa mno kwa sehemu yake iitwayo "Serenade". Karibu karne mbili zilipita ndipo, mwaka 1964, wataalamu wa muziki Alan Tyson na H. C. Robbins Landon wakaonyesha kuwa kwenye chapa ya kwanza ya kwateti mbili kati ya hizo bado zilionekana alama za jina lililofutwa: Hoffstetter. Leo wengi wanaamini mtunzi ni Roman Hoffstetter, mtawa wa Kibenediktini wa Amorbach, Ujerumani, aliyemhusudu Haydn.

Wapo wanaowatetea wachapishaji wa namna hiyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mkataba wa 1761 ulimkataza Haydn kumpa mtu mwingine muziki wake bila idhini ya mwajiri wake, mwanamfalme Esterházy. Kumbe tangu 1764 mchapishaji de la Chevardière alikuwa akiuza kwateti zake huko Paris. Mtunzi hakupata kitu, lakini jina lilisafiri. Sharti lile lilipoondolewa mwaka 1779, Haydn alikuta wateja wanamsubiri. Mwaka 1782 mchapishaji Artaria wa Vienna akamchapishia kwateti sita za Opus 33 (namba ya kazi).

Upande wa pili una sheria. Mtunzi Johann Christian Bach aliwashtaki wachapishaji Longman na Lukey jijini London, na mwaka 1777 jaji Mansfield akaamua kuwa muziki nao ni maandishi yanayolindwa na sheria ya hakimiliki ya 1710. Sheria hiyo, hata hivyo, iliishia kwenye mipaka ya Uingereza. Paris na Amsterdam haikuwa na nguvu.

Nakubali kwamba wizi ulimjenga Haydn. Ila utetezi huo unamtazama aliyenufaika peke yake. Mchapishaji anayeiba kazi na kuliacha jina anamtangaza mtunzi, apende asipende. Anayelibadilisha jina kwa sababu la mtawa haliuzi, anamtangaza nani?

Na tusimfanye Haydn malaika. Miaka ya 1780 alimuuzia William Forster wa London trio tatu (kazi za ala tatu) kama zake, na wataalamu wanaona mbili ni za mwanafunzi wake, Ignaz Pleyel. Miaka kadhaa baadaye Pleyel huyohuyo, sasa mchapishaji jijini Paris, alitoa mkusanyo wa kwateti za Haydn, Haydn mwenyewe akiwa bado hai, na zile sita za Bailleux zikiwa ndani. Ni mkusanyo huo, kuliko chapa ya 1777, uliozifanya zionekane halali, maana nani angemtilia shaka mwanafunzi wa Haydn? Hoffstetter alifariki mwaka 1815, kwateti zikiendelea kuuzwa kwa jina la mtu mwingine.