Uraia kwa tangazo la rais: Wapemba, Wamakonde na mtoto asiye na kabila la kumsemea

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1954 unasema asiye na utaifa ni mtu ambaye hakuna nchi inayomhesabu raia wake kwa sheria zake. Pwani ya Kenya tumemjua kwa miaka mingi mtu huyo: mvuvi wa Kipemba, mwenye asili ya kisiwa cha Pemba, Zanzibar, aliyezaliwa Kilifi au Kwale, babake pia, na kipande, yaani kitambulisho cha taifa, hakuwa nacho. Leseni ya uvuvi hakupata, akaunti hakufungua, laini ya simu hakusajili kwa jina lake, hata pesa za samaki wake zilipitia simu ya mwingine.

Wasiwasi wa serikali si wa kubuni. Kutoka Vanga, kusini mwa Pwani ya Kenya, hadi Pemba ni bahari tu, na ndugu wako pande zote mbili. Mtu anaweza kuwa na kitambulisho cha Tanzania akaomba cha Kenya, ilhali Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Wenyeji nao wana haki ya kuuliza, maana kipande ni kura, na ardhi ya Pwani ni kidonda cha zamani. Lakini aliyezaliwa Kwale, asiye na karatasi hata moja ya Tanzania, akivushwa mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania ataonyesha nini?

Sheria ya uraia ya 2011 iliwafungulia mlango wasio na utaifa waliokuwa Kenya tangu Desemba 12, 1963, pamoja na vizazi vyao. Ndiyo siku ya uhuru, naielewa. Ila Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 12, 1964, hivyo familia zilizoyakimbia zilikuwa zimeshachelewa. Na muda wa kuomba ukaisha 2019.

Kilichofanya kazi ni siasa. Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kulima mkonge na miwa, walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Wapemba walitambuliwa 2023 chini ya Rais Ruto. Ni haki yao na iliwachelewea mno. Lakini njia hii inataka uwe na kabila lenye jina, wazee wa kulisemea na rais aliye tayari kusikiliza.

Asiye na hayo amebaki na Katiba, na humo ndimo penye pengo. Ibara ya 14 inampa uraia mtoto ambaye mama au baba ni raia. Mtoto anayeonekana hajafika miaka minane, akiokotwa na wazazi wasijulikane, huhesabiwa raia wa kuzaliwa. Mwenzake ambaye wazazi wanajulikana, ila hawana uraia wa popote, hana kifungu.

Wanaopinga kulegeza wanahofu wageni watakuja kuzalia Kenya wapate uraia. Hofu hiyo ina jibu katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 wa kupunguza ukosefu wa utaifa: nchi impe uraia aliyezaliwa kwake ambaye vinginevyo angekosa utaifa kabisa. Mwenye nchi nyingine ya kumpokea hahusiki. Bunge likiandika hivyo, mtoto huyo hatahitaji kusubiri tangazo la Ikulu.