Pomboo akinaswa, hasara ya nani?

Pomboo wa kwanza niliyemwona kwa karibu hakuwa akiruka mbele ya boti ya watalii. Alikuwa amelala ndani ya mashua ya ami yangu, alfajiri, mkia umezongwa na nyuzi za jarife, ule wavu mkubwa wa kunasia samaki, na kwenye paji la uso michoro ya macho ya wavu imebaki kama aliyelalia mkeka. Baharia mmoja alikuwa anakata nyuzi kwa kisu, jicho baada ya jicho, na ami anamwangalia kama mtu anayechaniwa kanzu yake mpya. Walipomaliza wakamsukuma majini. Kisha ami akanigeukia: "Tukifika diko, huyu hukumwona."

Miaka mingi nilidhani ilikuwa aibu. Siku hizi najua ilikuwa hesabu tu.

Jarife linaachwa majini usiku, hasa nyakati za giza, linasubiri nguru, jodari, sulisuli na papa. Pomboo naye yuko pale pale kwa sababu samaki wapo. Ana uwezo wa kutambua vitu kwa mwangwi wa sauti yake, lakini nailoni nyembamba iliyolowa hairudishi mwangwi wa maana, na mwenye njaa anayefukuza samaki hakagui njia. Akishanasa, habari imekwisha: anapumua hewa kama mimi na wewe, na asipofika juu anakufa maji. Hakuna mvuvi aliyemkusudia. Mvuvi anaamka na wavu uliotoboka, nguru waliomtoroka, na nusu siku ya kushona.

Sasa nenda Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni wanakwenda kule kuwaona pomboo. Kabla ya hapo, na hata kwa muda baada ya utalii kuanza, pomboo waliwindwa makusudi wakawa chambo cha papa. Pomboo hai akageuka mali, na hilo ni jema. (Namna boti kumi zinavyomzingira mmoja na watu kumrukia kichwani ni ugomvi wa siku nyingine.) Ila nauliza: fedha hizo anapata nani? Mwenye boti, mtembeza wageni, hoteli. Mwenye jarife haoni hata senti. Pomboo akiwa hai faida ni ya wengine. Akifia wavuni, hasara ni yake peke yake, na lawama juu. Halafu tunashangaa kwamba hasemi.

Na asiposema, hatujui kitu. Mwaka 1999 watafiti, akiwemo Omar Amir, waliwauliza wavuvi wa Unguja, nao wakataja pomboo 96 walionaswa kati ya 1995 na 1999. Hao ni wale waliotajwa. Wa ami yangu hayumo. Idadi hiyo huenda ikaonekana ndogo, mpaka ukumbuke kwamba pomboo wa kusini mwa Unguja, wale wanaolisha utalii wote huo, walipohesabiwa hawakufika 200, na wale wenye nundu, aina nyingine iliyoko huko huko, hata 100 hawakufika. Jike huzaa mtoto mmoja tu, akapumzika miaka kama mitatu. Wakifa wachache kila mwaka, hawafidiki. Kwa Bahari ya Hindi nzima, watafiti wamekadiria kuwa majarife ya jodari yaliua pomboo na jamaa zao wadogo milioni 4.1 kati ya 1950 na 2018.

Kuna wanaosema piga marufuku, basi. Mimi siafiki. Meksiko walipiga marufuku nyavu za aina hii moja kwa moja mwaka 2017 katika maji anamoishi vaquita, jamaa mdogo wa pomboo, ili kumwokoa, na leo wamebaki wachache mno, hata ishirini hawafiki. Marufuku isiyompa mvuvi pa kushika inamhamishia usiku wa manane tu. Vile vifaa vya kupiga mlio wavuni ili pomboo akae mbali navyo vinafanya kazi, lakini vinataka betri na fedha, na bei yake haikupangwa kwa mtu wa ngalawa.

Kinachonivutia mimi ni cha Pakistani. Kule wavuvi walishusha nyavu za jodari kama mita mbili chini ya uso wa maji, badala ya kuziacha zielee juu kabisa. Pomboo waliokufa walipungua sana, na jodari waliendelea kupatikana. Ni kurefusha kamba za maboya, hakuna la ziada. Kwetu lazima wavuvi wenyewe wajaribu, kwa sababu nguru ana tabia zake na hakuna mtu wa ofisini atakayemjua kuliko nahodha.

Lakini kabla ya kamba, nianze na nyuzi. Sehemu ya ada ya kila mgeni anayekwenda kuwaona pomboo ingewekwa kwenye mfuko wa kamati ya uvuvi ya kijiji. Anayeleta habari ya pomboo aliyenaswa, mzima au mfu, analipwa nyuzi za kushonea pale pale, bila kuulizwa maswali ya polisi. Wajanja watakuja na uongo, najua. Wataalamu watadai mzoga au picha, na hilo halishindikani.

Mwaka jana nilimweleza ami. Haendi tena baharini, ila bado anawashonea vijana nyavu chini ya mkungu. Nikamuuliza: kama ungepewa nyuzi, ungesema siku ile? Hakuinua macho.

"Nyuzi namba ngapi?"