Bad Film ya Sion Sono: ilistahili kumaliziwa?

Mwaka 1995 mtengenezaji filamu wa Japani Sion Sono na kundi lake la Tokyo GAGAGA, waliozoea kughani mashairi na kupiga kelele barabarani, waliingia mitaa ya Koenji jijini Tokyo na kamera za video za Hi8. Walirekodi zaidi ya saa 150, pesa zikawaishia. Kazi ikalala miaka 17. Mwaka 2012 Sono, ambaye kufikia hapo alikuwa amepata jina kwa filamu zake Suicide Club na Love Exposure, aliihariri ikawa filamu ya dakika 161.

Hadithi yenyewe imewekwa mwaka 1997, Hong Kong ikikaribia kurudishwa China. Genge la Wajapani na genge la Wachina wanagombea mitaa, na vita vinafika mpaka ndani ya treni za Chuo, moja ya njia za reli za Tokyo. Katikati ya chuki hiyo, wale wanaopenda watu wa jinsia yao katika kambi zote mbili wanachoka na vita na kuanza kusogeleana.

Wanaoona ingeachwa tu wana hoja nzito. Iliporekodiwa, 1997 ilikuwa kesho. Ilipotoka, kila mtazamaji alijua Hong Kong ilikabidhiwa Julai mosi na Tokyo haikuwaka moto. Tena aliyeianza alikuwa kijana wa miaka 33, aliyeihariri ni mtu wa miaka 50 mwenye mkono wa mtengenezaji filamu aliyekomaa. Sasa hii ni filamu ya nani?

Swali hilo mimi halinisumbui sana. Hoja ya kupitwa na wakati ndiyo naikataa. Septemba 2012 serikali ya Japani ilinunua visiwa vitatu vya Senkaku, ambavyo China nayo inavidai, na maandamano ya hasira yakalipuka katika miji ya China. Matusi ambayo magenge yanarushiana humu yalikuwa yamerudi kwenye habari za jioni. Utabiri ulikosea tarehe, chuki yenyewe haikwenda popote.

Halafu kuna picha. Rangi za Hi8 zimefifia, sauti inakwaruza, na kwa kuwa walipiga bila vibali, wapita njia wengi si waigizaji. Machi mwaka huohuo wa 1995 waumini wa dhehebu la Aum Shinrikyo walikuwa wamemwaga gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo. Ukijua hilo, huwezi kutazama abiria wakivamiwa na watu wanaopigana ukadhani ni mchezo mtupu. Ni kweli hakuna aliyewaomba ruhusa abiria hao, na hilo linanikera. Lakini bajeti kubwa isingeweza kununua nyuso zile.

Udhaifu wake mkubwa ni urefu. Kila mtu anapiga kelele, muda wote, hadi kelele zinaacha kumaanisha kitu. Ningeondoa hata dakika arobaini za mabishano ya magenge. Za treni nisingegusa hata moja.