Paul Hackett hakutoka ofisini usiku ule

After Hours ya Martin Scorsese, ya mwaka 1985, imezoeleka kuwa ni filamu ya vichekesho vyenye kiza: kijana wa New York anamfuata msichana usiku katika mtaa wa SoHo, mambo yanamwendea mrama, alfajiri anarudi kazini amechakaa. Wiki iliyopita nimeitazama kwa mara ya nne, na sasa nashikilia kwamba ni bunilizi ya kisayansi iliyofichwa.

Angalia noti. Paul, anayeigizwa na Griffin Dunne, yumo kwenye taksi inayokwenda kwa kasi ya kichaa. Noti yake ya dola 20 inapeperuka dirishani. Baadaye anateremka hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi ili arudi kwake, ana senti 97 mfukoni, anaambiwa nauli imepanda saa sita usiku huo huo, sasa ni dola moja na nusu. Wengine wanaona mkosi. Mimi naona masharti yanabadilishwa kila anapoukaribia mlango wa kutokea. Na watu wenyewe! Mhudumu wa baa anayetaka kumsaidia ndiye mpenzi wa Marcy, yule yule msichana ambaye Paul alimfuata, na ambaye Paul amemwacha kitandani akiwa maiti. New York ina mamilioni ya watu, lakini Paul anazungushwa miongoni mwa wachache wale wale, kama programu inayorudia ilichonacho.

Najua wapo watakaonitajia mwandishi Franz Kafka, maana maneno ya mlinzi wa kilabu anayemzuia Paul mlangoni yametoka kwenye hadithi yake ya mtu anayezuiwa mlangoni. Sawa, lakini Kafka anaueleza mlango tu. Kompyuta haielezi.

Kazi ya Paul ni kuchapa kwenye kompyuta. Mimi mwenyewe nimeingiza data kwa miaka sita, na nakijua kile kinachotokea jioni: unafumba macho kwenye daladala, safu za namba bado zinashuka. Kwa hiyo hunigusa sana pale Paul anapopiga magoti barabarani na kupaza sauti juu, akiuliza anatakiwa nini, yeye ni mchapaji tu. Neno la Kiingereza analolitumia hapo, “word processor”, lilikuwa jina la mfanyakazi na la mashine pia. Hebu lisikilize upya kwa maana ya pili. Anayelia pale ni mashine inayomwuliza aliyeiwasha.

Mwishoni anafunikwa kwa karatasi na gundi hadi anakuwa sanamu, wezi wanampakia garini, naye anadondoka mbele ya ofisi yake hasa, si ya jirani. Mageti yanafunguka. Anakaa kwenye dawati lake na vumbi jeupe mwilini, na kompyuta inamtakia asubuhi njema kwa jina lake. Kisha kamera inaanza kuzunguka ofisi nzima kwa mbio. Inapopita tena pale dawatini, Paul hayupo.