Doherty wa 2003 ananikuna kuliko bingwa wa 1997

Kuna kipande cha video nimekirudia mara nyingi mno. Wembley, London, 2000, fainali ya Masters, moja ya mashindano makubwa ya snuka (mchezo wa kutumbukiza mipira ya rangi mashimoni kwa fimbo). Ken Doherty ametumbukiza nyekundu zote 15, kila moja ikifuatwa na nyeusi, kisha rangi zote hadi ya pinki. Pointi 140. Umebaki mpira mmoja tu mezani, mweusi, ili atimize 147, pointi za juu kabisa za kumaliza meza kwa zamu moja, na gari la kifahari lipo ukumbini linamsubiri. Anainama, anapiga. Mpira unagonga mdomo wa shimo na kukataa kuingia. Fainali yenyewe Matthew Stevens akaichukua 10 kwa 8.

Mashabiki wake wakiona kipande hicho hukimbilia 1997. Ni haki yao. Mwaka huo, kwenye fainali ya ubingwa wa dunia katika ukumbi wa Crucible kule Sheffield, alimfunga Stephen Hendry fremu (yaani michezo) 18 kwa 12, wakati Hendry alikuwa amelibeba kombe la dunia miaka mitano mfululizo. Doherty, kijana wa Ranelagh, Dublin, ndiye pekee kutoka Jamhuri ya Ireland aliyewahi kulitwaa. (Alex Higgins na Dennis Taylor, nao mabingwa wa dunia, ni wa Ireland Kaskazini, msinichanganyie.)

Ila mimi ni mtu wa 2003. Mwaka ule, kwenye ubingwa huohuo wa dunia, jamaa aliishi kwa kudra. Raundi ya kwanza, 10 kwa 9 dhidi ya Shaun Murphy. Ya pili, 13 kwa 12 dhidi ya Graeme Dott. Nusu fainali akakutana na Paul Hunter, ambaye aliingia kipindi cha mwisho akiongoza 15 kwa 9. Mshindi ni wa kwanza kufika 17, kwa hiyo Hunter alihitaji fremu mbili tu. Akapata moja, Doherty akazoa nane, 17 kwa 16. Na hakuwa mtu wa kupiga kwa fujo: anauficha mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, nyuma ya mipira ya rangi, anakuacha uhangaike, ukikosea kidogo anaingia na kuokota pointi zake taratibu. Mpinzani anachoka akili kabla ya mkono.

Fainalini Mark Williams alimwacha mbali siku ya kwanza. Kesho yake Doherty akamfukuzia hadi 16 kwa 16, kisha Williams akachukua mbili za mwisho.

Ukinipa jioni moja ya kutazama Doherty, niwekee hiyo fainali ya 2003 aliyofungwa.