Calvin Peete hakuwa mnyoosha mipira tu

Septemba 2020, katika uwanja wa Winged Foot jimboni New York, mcheza gofu Bryson DeChambeau alitwaa mashindano ya US Open kwa tofauti ya mikwaju sita. Kwa siku nne alikuwa na feawei 56 za kulenga, yaani njia za majani mafupi zinazoelekea kwenye shimo. Alizipata 23. Mipira mingine ilitua kwenye nyasi ndefu au pabaya zaidi ya hapo, na bado akawa mchezaji pekee aliyemaliza chini ya pa, ile idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Tangu hapo hoja moja imekuwa ikirudiwa kama amri: umbali ndio mali, unyoofu ni pambo. Na hoja hiyo ikishapamba moto, haichukui muda kabla mtu hajalitaja jina la Calvin Peete, bingwa wa kunyoosha mipira, kuonyesha jinsi gofu ya zamani ilivyothamini vitu visivyo na thamani.

Sifa zake mfuatiliaji wa gofu anazijua: mataji 12 ya PGA Tour, ligi ya gofu ya kulipwa ya Marekani, kati ya 1979 na 1986, mengi kuliko ya mchezaji mweusi yeyote aliyemtangulia Tiger Woods, na uongozi wa ligi kwa unyoofu wa mkwaju wa kwanza, yaani asilimia ya feawei anazozipata, kuanzia 1981 hadi 1990. Miaka kumi mfululizo. Rekodi hiyo ya pili imegeuka mzigo kwake, kwa sababu imeyafunika mengine yote.

Tuanze na wanaomshusha, maana hesabu yao si ya kubeza. Raundi ya kawaida ya pa 72 ina mashimo manne ya pa 3, hivyo mikwaju inayopimwa unyoofu ni 14. Peete, katika miaka yake mingi ya uongozi, alikuwa juu ya asilimia 80. Chukua 82: hizo ni feawei kama 11 na nusu. Mchezaji wa kati, mwenye asilimia 60 hivi, hupata nane na kidogo. Tofauti ni feawei tatu kwa raundi. Vipimo vya kisasa vinaonyesha kwamba kwa mchezaji wa kulipwa, kupiga kutoka nyasi ndefu badala ya feawei, umbali ukiwa uleule, hugharimu karibu robo ya mkwaju. Tatu mara robo: robo tatu ya mkwaju kwa raundi. Basi.

Sasa geuza upande wa pili. Kulikaribia shimo kwa yadi 20 zaidi, ukiwa kwenye feawei, huokoa kati ya 0.07 na 0.10 ya mkwaju. Zidisha kwa mashimo 14 na unapata takriban mkwaju mzima. Peete alikuwa miongoni mwa wapigaji wafupi wa ligi iliyokuwa na wastani wa yadi 257 mwaka 1980, na aliwaachia wapigaji warefu zaidi ya hizo yadi 20. Kwa hesabu hiyo, alichookota kwa unyoofu alikimwaga kwa ufupi, na kuzidi.

Kuna pia hoja ya jiometria, ambayo naiona ndiyo kali zaidi. Feawei yenye upana wa yadi 30 inakupa yadi 15 kila upande. Mpira unaotua yadi 250 unaruhusiwa kupotoka nyuzi 3.4 na ukabaki salama. Unaotua yadi 300 unaruhusiwa nyuzi 2.9 tu. Yaani mpigaji mfupi anapewa mlango mpana zaidi bila kuutolea jasho. Unyoofu wake, wanasema, ni ufupi uliovaa kanzu.

Hoja nzuri, lakini inapimika, basi tuipime. Tuseme Peete alikuwa akifika yadi 250 na kupata feawei asilimia 82, na kwamba upotovu wa mipira yake ulitawanyika kwa kawaida, mingi katikati na michache pembeni. Ili upate 82 ndani ya nyuzi 3.4, mtawanyiko wako lazima uwe karibu nyuzi 2.6. Mpeleke mtu huyo huyo, na mtawanyiko ule ule, hadi yadi 300. Asilimia yake inashuka kutoka 82 hadi kama 73 au 74. Imeshuka, ndiyo. Ila imeshukia palepale wanapokaa vinara wa unyoofu wa PGA Tour ya leo, huku wenzao wengi wakihangaika kwenye sitini na kurudi chini. Na hapo tumemwachia fimbo yake ya mti na mpira wake laini wa mwaka 1982. Kumbuka pia kwamba wapigaji wafupi hawakuwa adimu zama zile. Mlango mpana walipewa wote, na kwa miaka kumi hakuna aliyeupita mara nyingi kuliko yeye.

Jiometria basi inaeleza sehemu tu. Lakini hata hapa bado tunabishana kwenye uwanja waliouchagua wakosoaji, yaani mkwaju wa kwanza. Takwimu ya kumfahamu Peete iko hatua moja mbele.

Ni ya grini, eneo la majani yaliyokatwa chini kabisa lenye shimo. Mchezaji huhesabiwa kaipata grini kwa wakati kama mpira umefika hapo huku bado ana mikwaju miwili ya kumalizia pa: mkwaju wa kwanza kwenye pa 3, wa pili kwenye pa 4, wa tatu kwenye pa 5. PGA Tour ilianza kuweka hesabu hizi mwaka 1980, na mwaka huo Jack Nicklaus aliongoza kwa asilimia 72.1. Mwaka 1981 aliongoza Peete, 73.1. Mwaka 1982 Peete tena, 72.4. Mwaka 1983 ni yeye vilevile, 71.4. Wastani wa ligi huzunguka 65. Kwa mashimo 18 hiyo ni kati ya grini moja na moja na nusu zaidi kila siku anayoingia uwanjani.

Tulia hapo kidogo. Mpigaji mrefu anasimama yadi 140 kutoka kwenye shimo akiwa na fimbo ya chuma namba 8 au 9 (namba ikiwa kubwa, mpira hupanda zaidi na kwenda karibu), mpira unapanda juu na kutua kama jiwe. Peete yuko yadi 165 au 170, ana chuma namba 5 au 6, mpira unaingia chini zaidi na una hamu ya kukimbia. Kwa hesabu ya umbali peke yake, ndiye aliyepaswa kukosa grini nyingi. Alikosa chache kuliko wote, miaka mitatu mfululizo, Nicklaus na Tom Watson wakiwa uwanjani. Unyoofu wa draiva, fimbo ya mkwaju wa kwanza, peke yake haumfikishi mtu hapo. Inabidi chuma zake nazo ziwe miongoni mwa bora duniani. Na mwaka 1984, wakati taji la grini lilikuwa limekwenda kwa Andy Bean, Peete alichukua Vardon Trophy, tuzo ya wastani bora wa mikwaju, kwa 70.56 kwa raundi. Tuzo hiyo hailengi umbali wala unyoofu. Inauliza umeandika ngapi kwenye kadi.

Hapa ndipo hesabu ya robo ya mkwaju inapoanza kuvuja. Vipimo vilivyoizaa vilikusanywa baada ya 2003, pale PGA Tour ilipoanza kupima kila mkwaju kwa leza. Vinaeleza mchezo wa draiva za metali zenye ujazo wa hadi sentimita za ujazo 460, na mpira wa tabaka ngumu usioyumba sana pembeni. Draiva ya Peete ilikuwa na kichwa cha mti wa persimoni, chini ya nusu ya ukubwa huo. Ukiukosa moyo wake kwa upana wa kidole, kichwa kinajipinda na mpira unachukua mzunguko wa pembeni. Mpira wenyewe ulikuwa uzi wa mpira uliozungushwa na kuvikwa ganda laini la balata, wenye kuzunguka sana. Kwenye feawei mzunguko huo ni rafiki, unausimamisha mpira kwenye grini. Kwenye nyasi ndefu, majani yanaingia kati ya uso wa chuma na mpira, mzunguko unapotea, mpira unaruka mbali kuliko ulivyokusudia na ukitua haushiki. Ni mkosi ambao hata mjuzi hawezi kuukadiria vizuri. Halafu mpigaji wa leo akiangukia nyasi ndefu, mara nyingi amebakiwa na yadi 120 na fimbo fupi iliyolala, ya kuchimbulia. Wa 1982 alibakiwa na chuma namba 6. Naamini gharama yake ilikuwa kubwa kuliko robo, ingawa zama zile hakuna leza iliyokuwa ikipima.

Takwimu ya feawei nayo ina upofu wake: ndani au nje, hakuna katikati. Mpira uliotoka kwa inchi mbili unahesabiwa sawa na uliojificha nyuma ya mti, au uliovuka mpaka wa uwanja ukakulazimisha kurudi kupiga tena na adhabu juu. Mtu mwenye mtawanyiko wa nyuzi 2.6 anapokosa, kwa kawaida hukosa karibu. Faida hiyo haionekani kwenye asilimia yoyote.

Unyoofu huo ulitoka wapi? Akiwa mtoto alianguka kutoka juu ya mti, kiwiko cha kushoto kikavunjika mahali patatu na kuungwa vibaya. Hakuweza tena kuunyoosha mkono. Sasa, somo la kwanza la mwalimu yeyote wa gofu kwa anayetumia mkono wa kulia ni: mkono wa kushoto unyooke. Wengi wanaotii hukaza misuli, kisha wakishuka kiwiko kinalegea bila wao kujua, urefu kati ya bega na kichwa cha fimbo unabadilika, na mpira unagongwa juu au pembeni. Kiwiko cha Peete hakikuwa na cha kulegea. Pembe ilikuwa ileile wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, bega likigeuka kwa mwendo mmoja. Lakini mkono uliokunjika huchora duara dogo, na duara dogo lina mwendo mdogo wa kichwa cha fimbo. Ndiyo maana kumlaumu kwa ufupi na kumsifu kwa unyoofu kana kwamba ni mambo mawili kunanichosha kidogo. Kwa maoni yangu vyote viwili vilitoka kwenye kiwiko kimoja.

Kuna ushahidi mmoja dhidi yake ambao watetezi wake huuruka. Ushindi wake wa mwisho ulikuwa 1986. Mwaka 1987, 1988, 1989 na 1990 aliongoza tena kwa unyoofu, na hakushinda hata mara moja. Kama unyoofu ungekuwa ndio siri, mataji yangeendelea. Wakosoaji wako sahihi hapa, na kusahihishwa huku kunamsaidia Peete kuliko wanavyodhani. Mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, umri umepita 43. Draiva ilibaki, vingine vikaondoka. Draiva iliyobaki peke yake haikushinda kitu. Kwa hiyo ile miaka ya 1982 hadi 1986, yenye mataji 11, haikujengwa na draiva peke yake.

Mataji makuu, yaani ya yale mashindano manne makubwa ya gofu, ni sifuri, na hakuna hesabu ya kulificha hilo. Ila tazama alikofika karibu. Southern Hills, PGA Championship ya 1982: nafasi ya tatu kwa kulingana na mwenzake. Oakmont, US Open ya 1983: ya nne, naye akilingana na Seve Ballesteros. Viwanja vyote viwili vinajulikana kwa kumwadhibu anayetoka nje ya feawei. Augusta, kwenye Masters, hakuwahi kuingia kumi bora. Na Augusta ya zama zile haikuwa na nyasi ndefu kabisa. Ukanda wa pili wa majani uliongezwa mwaka 1999. Silaha yake ilifika pale ikiwa butu kabla hajafungua begi, huku mpigaji mrefu akipasua popote bila ada. Sawgrass ilikuwa kinyume: maji, vichaka, kila kosa lina bei. Mwaka 1985 alishinda Players Championship hapo kwa mikwaju 274, 14 chini ya pa, akimwacha D.A. Weibring kwa mikwaju mitatu, na raundi ya mwisho aliandika 66.

Kingine ni wakati. PGA ya Marekani, chama cha wacheza gofu wa kulipwa, ilifuta kifungu cha kuwapokea weupe tu mwaka 1961, Peete akiwa na miaka 18, akiishi Florida na akiwa bado hajagusa fimbo. Baadaye alikuwa akiwauzia bidhaa vibarua wa mashambani waliohamahama na mavuno. Gofu aliianza akiwa na miaka 23. Ili aruhusiwe kucheza Ryder Cup ya 1983, pambano la timu za Marekani na Ulaya, ilimbidi kwanza afanye mtihani wa kuhitimu sekondari, maana hakuwa amemaliza shule na kanuni zilidai cheti.

DeChambeau alishinda Winged Foot siku chache baada ya kutimiza miaka 27. Katika umri huo Peete alikuwa na miaka minne tu tangu ashike fimbo, kadi ya PGA Tour, yaani kibali cha kucheza ligi hiyo, ilikuwa bado miaka kama minne au mitano mbele, na mwaka wake wa mataji manne, 1982, ulimkuta akielekea na kuvuka 39.